Aliyeitwa Hayupo

Mimi nikiitwa naitika. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu, mtoto wa kike akiitwa, hata kama ana povu la sabuni machoni, anatoa "abee" kwanza, mengine yatafuata. Kwa hiyo Nesi aliposimama kaunta na mfuko wa sare zake na kuita, "Mama Chiriku!", mdomo wangu ulitangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu.

"Abee!"

Jina halikuwa langu. Lilikuwa la kibao kilichoning'inia juu ya mlango, herufi za bluu kwenye ubao mweupe: MAMA CHIRIKU, DOBI, KUFUA NA KUPIGA PASI. Mwenye jina alikuwa marehemu. Alikuwa mke wa mume wangu kabla yangu, na ndiye aliyeigeuza sebule ya mbele kuwa chumba cha kazi, akatoboa ukuta kupitisha bomba, akapigilia ile meza ndefu ya pasi ambayo mpaka leo haitikisiki. Alipofariki, mlango wa mbele ulitiwa kufuli na kibao kikaachwa kipauke kwa jua. Mimi nilipoolewa pale nilikuwa natoka kwenye hoteli moja kubwa ambako nilipiga pasi mashuka na foronya tangu usichana wangu. Nikaona bomba lipo, meza ipo, kamba za kuanikia zipo uani, na chumba kizima kimelala. Nikamwambia mume wangu siwezi kuishi na vitu hivyo nikajifanya hamnazo. Tukafungua.

Shida ni kwamba watu wanajua kusoma. Mteja anakuja, anaona kibao, anaona mwanamke mwenye pasi, anajumlisha. Wale wa zamani nao walikuwa na hesabu yao. Mume wangu ni dereva wa gari la maji, lakini mtaa mzima unamwita Baba Chiriku. Mimi mwenyewe namwita Baba Chiriku. Sasa mke wa Baba Chiriku ataitwa nani tena?

Na Chiriku mwenyewe, siku hiyo ya abee, alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya Nesi, begi la shule mgongoni.

Hilo jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hakuwahi kupumzika. Mimi Chiriku huyo sikumkuta. Nilimkuta msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, anayekula haraka na kuosha sahani yake, sahani yake tu. Asubuhi alinipa shikamoo yangu kama anayelipa nauli, nami nikampa marahaba yake, tukawa tumemalizana mpaka kesho. Adabu alikuwa nayo. Ndiyo iliyonichosha, maana mtoto mjeuri unajua pa kumshika, ila mwenye adabu ya namna ile anakuponyoka mkononi.

Alinitazama, akamtazama Nesi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Aliyeitwa hayupo."

Akapita katikati yetu, akaingia ndani, na mlango wa chumba chake ukafungwa taratibu. Nesi aliweka mkono mdomoni. "Yarabi, nimefanya nini," akasema. Alikuwa anamjua marehemu vizuri, jina lilimtoka kwa mazoea tu. Nikamwambia hajafanya kitu, aliyeitika ni mimi.

Jioni tulipokaa mezani, Chiriku alisubiri baba yake ameze tonge la kwanza, akamwambia, "Shule zikifungwa naenda kwa bibi." Bibi mzaa mama, alimaanisha.

"Vizuri," mume wangu akasema. "Ukapumzike kidogo."

"Siendi kupumzika, baba. Nahamia."

Mume wangu ni mtu mwema. Siku nzima anagawa maji kwa watu, akirudi nyumbani hana tone la neno lililobaki. Alinitazama mimi, akatazama sahani, akasema, "Tutaongea." Hatukuongea. Chiriku aliosha sahani yake akaenda kulala, na asubuhi yake nikaona lile sanduku la juu ya kabati limeshushwa, liko sakafuni karibu na kitanda chake, limefutwa vumbi.

Niseme wazi nilichohisi, maana kuna watu wanadhani mama wa kambo hana moyo, ana mkono wa kufinyia tu. Niliumia. Sikuwa nimezaa, na sikuingia nyumba ile kutafuta mtoto wa kuzibia pengo. Lakini nilikuwa nimeshamtaka yule yule, mnunaji yule, na namna yake ya kukunja soksi mbili ndani ya moja bila kufundishwa na mtu. Nilikuwa namsikia usiku akikohoa nikihesabu kama nimefunga dirisha. Sasa anaondoka, na sababu ni neno moja nililolitoa bila kufikiri.

"Tubadilishe kibao," mume wangu alisema alipokuwa anafunga kamba za viatu. "Yule mchora mabango ni rafiki yangu. Apake upya, aandike jina lako, yaishe."

Nikatoka nje kukitazama. Nilikuwa nimepita chini yake mara nyingi bila kuinua kichwa. Herufi hazikuandikwa na mchora mabango. Zilikuwa za mtu mwenye mkono wa nyumbani, ile R imelala kidogo, na nafasi ilikuwa imemwishia mwishoni hadi neno PASI likabanana. Chini ya herufi ya mwisho palikuwa na alama ya kidole kidogo cha bluu. Mtu aligusa rangi kabla haijakauka. Sikuhitaji kuuliza kidole kile ni cha nani.

Nikarudi ndani. "Kibao hakiguswi," nikasema.

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi ndiye nitakayeacha kuitika. Kibao ni chake, jina ni lake, na huyu mtoto hataondoka kwa ajili ya mdomo wangu. Akitaka kuondoka atafute sababu nyingine."

"Wateja utawaambia nini?"

"Nitawaambia ukweli. Ukweli umewahi kumuua nani?"

Karibu umuue Muoka Mikate. Huyu alihamia mtaani muda mfupi kabla ya msiba, hakuwahi kumjua marehemu zaidi ya kumpungia mkono, wala hakusikia kwamba amefariki, na tangu tufungue alikuwa analeta aproni zake kwangu. Aliingia asubuhi hiyo na unga kwenye nyusi, akaita, "Mama Chiriku, habari za leo!"

Nikaweka pasi wima. "Mama Chiriku amefariki," nikasema. "Mimi ni mke wa baba yake Chiriku. Niite Dobi."

Aproni zote zilianguka chini. "Amefariki? Lini? Si juzi tu tumeongea hapa hapa!"

"Juzi uliongea na mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akarudi juu tena. "Ndiyo maana," akasema taratibu. "Nilikuwa nasema moyoni, huyu mama amenenepa."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila aliyeingia na jina lile nilimpa maneno yale yale, kwamba aliyeitwa hayupo, wala sikupunguza. Wengine walitoa pole, wengine waliona aibu, wengine walikasirika, maana mtu hapendi kuja na shati lake chafu akapewa msiba juu yake. Wakasema nina maringo. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, mwanamke asiyejua kunong'ona, alisimama dirishani pangu akanipasha: "Wenzio wanalitafuta jina hilo kwa udi na uvumba, wewe umeletewa mlangoni unalifukuza!" Nikamwambia aliyeletewa si mimi, mimi nimepokea mzigo wa mtu kwa bahati mbaya na sasa naurudisha.

Aliyenitoa jasho hasa ni Mzee wa Saa. Alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara, mzee msafi, mashati meupe matupu, na alipenda kola yake itiwe wanga hadi isimame yenyewe. Kumweleza kitu Mzee wa Saa ni kazi ya siku nzima.

"Kibao kinasema Mama Chiriku," akaniambia.

"Kibao kinasema kweli, mzee. Ila si mimi."

"Kama si wewe, kitoe."

"Sikitoi."

"Basi ni wewe." Akapiga kaunta kwa kidole. "Mama Chiriku!"

Nikampa mgongo, nikanyunyizia suruali maji.

"Mama Chiriku!"

Nikaipiga mstari mguu wa kwanza, polepole, hadi chini.

"Ananisikia!" Mzee wa Saa aliuambia ukuta. "Namwona sikio linacheza! Mama Chiriku! Jamani, nina kazi mimi!" Nikageuza mguu wa pili. Mwisho akapumua kwa nguvu, akasema, "Haya, wewe Mwenye Pasi."

"Naam, mzee wangu, shikamoo," nikageuka na tabasamu. "Karibu sana."

Alipokea shati lake bila kuitikia ile shikamoo. Lakini alirudi. Wanga wangu ulikuwa mzuri kuliko hasira zake.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili. Nikishamwambia mtu kwamba Mama Chiriku amefariki, hakuwa anaondoka. Alikuwa anaegemea kaunta. Wa zamani ndio hasa, wale ambao walizoea kupita na jina lile kama wanavyopita na barabara. Wakilazimishwa kusimama, wanakumbuka. Nesi alisimulia asubuhi ya mvua ambayo alikuwa anaenda kwenye usaili wa kazi na sare yake haijakauka. Marehemu aliipiga pasi ikiwa mbichi hadi chumba kikajaa mvuke, mkono mmoja ukagoma kukauka, basi akamsindikiza Nesi hadi kituoni akiupepea ule mkono kwa kifuniko cha sufuria. Fundi wa bomba alisema marehemu alikuwa anaimba vibaya sana, tena kwa nguvu, na ukimwambia ukweli huo anaongeza sauti. Hata Jirani alisimulia, dirishani, ugomvi wao mmoja juu ya kamba ya kuanikia ambao uliisha kwa wote wawili kucheka hadi wakakaa chini.

Mimi nilikuwa nasikiliza huku napiga pasi. Nisidanganye, kuna siku zilinichoma. Mke mwenzako akiwa hai unaweza kumtafutia kasoro. Marehemu hana hata doa, na madoa ndiyo kazi yangu. Nilijikaza kisabuni. Nilikuwa nimeshasema nitawaambia watu ukweli, sasa ukweli unarudi na mkia wake, niukatae vipi?

Kisha nikaona pazia la mlango wa ndani halitulii. Kulikuwa na miguu chini yake, miguu ya soksi za shule. Mara nyingine mteja akianza kusimulia, nikawa namuuliza tena, hata nikiwa nimeshasikia: "Ehe, na kifuniko cha sufuria alikitoa wapi?" Siku moja pazia likafunguliwa kabisa. Chiriku alitoka na daftari la hesabu, akageuza ndoo juu chini mwisho wa meza ya pasi, akakaa akaanza kazi yake ya shule. Nilisogeza taa kidogo upande wake, basi.

Aliongea kwa mara ya kwanza pale dukani siku Fundi wa bomba aliposema marehemu alimwita mvivu. "Hakukuita mvivu," Chiriku alisema bila kuinua kichwa. "Alisema bomba linavuja na wewe unavuja, hajui aanze kumziba nani." Fundi wa bomba alicheka hadi akashika ukuta, na Chiriku naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko kile. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

Lakini sanduku lilibaki sakafuni. Jioni moja nikaona limeanza kujazwa, sweta zake chini kabisa.

Kulikuwa na mteja mwingine, mwanamke kijana kutoka chuoni, tuliyemwita Mtafiti kwa sababu ndivyo alivyojieleza siku ya kwanza. Alikuwa anachunguza familia za kambo: nani anaishi na nani, nani anamwita nani nini, ugomvi unaanzia wapi na unaishia wapi. Aliposikia wimbo wangu wa "Mama Chiriku amefariki" aliweka mfuko wake chini akaniuliza kama anaweza kuzungumza nasi, akaomba ruhusa kwa baba, kisha akamwomba na Chiriku mwenyewe. Hilo lilinifurahisha. Wengi huwa wanaomba wakubwa tu.

"Huyu ni nani wako?" alimuuliza Chiriku, akinionyesha mimi.

"Dobi."

"Kambo," nikadakia, maana moyo ulikuwa umenipanda. "Sema tu. Mama wa kambo. Mimi hilo neno sijui hata limetoka wapi, ila linanikaa shingoni kama kola yenye wanga mwingi."

Mtafiti alicheka. Akavuta kikapu cha vibanio vya nguo, akamwekea Chiriku mbele. "Chukua kimoja kwa kila mtu wa familia yako. Vipange hapa mezani. Wa karibu mweke karibu, wa mbali mweke mbali. Hakuna kukosea."

Chiriku alichagua kwa makini. Cha kijani kilikuwa yeye. Cha mbao kilikuwa baba yake, akakilaza pembeni ya kile cha kijani. Cha bluu akakifungua, akakibania juu ya cha kijani chenyewe, na hakuna aliyeuliza ni nani. Cha manjano kilikuwa bibi, akakiweka mbali kidogo, lakini kimeelekea kwao. Halafu akachukua chekundu. Kile chekundu nakijua, springi yake ni kali, kinang'ata vidole.

"Hiki ni Dobi," alisema.

Mkono wake ulipita juu ya meza. Ulisimama karibu na baba. Ukaondoka. Ukasimama ukingoni kabisa, ukakaa hapo. Kisha Chiriku akakitia kibanio chekundu mfukoni mwa sketi.

"Bado," akasema. Akachukua daftari lake akaingia ndani.

Mimi nilibaki nimetoa macho. "Wewe umesoma," nikamwambia Mtafiti. "Mfukoni maana yake nini?"

Alifikiri kwanza. "Sijui," akajibu. "Nyumba nyingi nilizopita, mzazi wa kambo anawekwa ukingoni, au anaachwa kikapuni. Mfukoni sijawahi kuona. Nisikudanganye kwamba najua." Akaokota mfuko wake, akasita. "Ila angekuwa ameshaamua, angekiweka mezani."

Nilikaa na neno lile. "Bado" si "ndiyo", lakini si "hapana" pia, maana hapana angetaka kuisema angeisema. Kuanzia siku hiyo nikimkuta Chiriku anakunja nguo zake kuzitia sandukuni, namsaidia kuzipiga pasi. Akiondoka aondoke amenyooka. Wala sikupunguza msimamo wangu kaunta. Yeyote aliyeniita jina lile alipewa maneno yale yale, na mwisho mtaa ukachoka kabla yangu, isipokuwa Mzee wa Saa.

Shule zikafungwa. Bibi mzaa mama alifika kabla ya adhuhuri, mwanamke mrefu mwenye mkoba mdogo, na hakupiga hodi. Kutoka ndani nilimwona amesimama nje, kichwa juu, anasoma kibao. Alikisoma muda mrefu kuliko maneno yake. Nikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinipima kwa macho. "Wewe ndiye."

"Ndiye mimi."

"Nilijua nitakuta jina lako hapa juu."

"Bado hujakuta," nikasema. "Karibu ndani."

Aliketi kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, hakutaka hata maji. "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," akasema. "Sikuja kugombana."

"Nami sigombani. Ila nitasema neno langu ulisikie." Nilikuwa na shati la Mzee wa Saa mezani na sikuacha kulipiga pasi, maana mikono ikikaa bure ningelia. "Namtaka abaki. Simwambii yeye, nisije nikamfunga, lakini wewe nakwambia. Chumba chake kipo, baba yake yupo, kibao cha mama yake kipo. Akienda, sitamzuia. Ila kila Jumapili nitakuja kwako na nguo zake zimepigwa pasi, nikae hapo mlangoni, hadi mchoke kuniona. Na mkichoka nitakuja tena."

"Una kichwa kigumu," Bibi alisema.

"Nimeambiwa hivyo tangu hotelini."

Hakucheka, lakini alitazama pembeni. Nje mume wangu alikuwa ameshapakia sanduku kwenye gari la maji na injini inanguruma. Chiriku sikumwona. Nilidhani anaaga chumba chake. Mawingu yalikuwa yameshuka, nami nilikuwa nimeanika uani mzigo mzima wa sare za Nesi na wenzake, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali kama zitakauka.

Hapo ndipo Mzee wa Saa alipovuka barabara kufuata shati lake. Akaweka viwiko kaunta. "Mama Chiriku!" akaita.

Bibi alishtuka kama aliyeguswa na kitu cha moto. Akanitazama mdomo. Alikuwa anausubiri.

Sikuitika. Nilihamisha pasi kutoka kola kwenda begani.

"Mbele yangu tu huitiki," Bibi akasema, "au ndivyo siku zote?"

"Siku zote!" Mzee wa Saa akadakia kwa uchungu. "Mama, huyu mwanamke amenitesa, hujui tu! Nikiita jina lililoandikwa mlangoni kwake mwenyewe, ananipa mgongo. Anasema aliyeitwa hayupo!"

"Si maneno yangu hayo," nikamwambia Bibi. "Ni ya mjukuu wako. Mimi nimeyashika tu."

Bibi alifungua mkoba wake, akatafuta leso, akakosa, akajifuta uso kwa kiganja. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

"Mama Chiriku!"

Nilijua ni Mzee wa Saa tena, nikabana meno. Lakini Mzee wa Saa alikuwa mbele yangu, mdomo umefumba, anatazama mlango wa uani.

"Mama Chiriku! Mvua!"

Sauti ilitoka kwenye kamba. Kupitia mlangoni nilimwona, amekumbatia sare nyeupe hadi kidevuni, zingine zimemwangukia begani, anavuta kibanio kimoja baada ya kingine, na mvua inamtwanga kichwani. Nimefundisha mdomo wangu kwa bidii sana. Siku hiyo ulikuwa umefundishika. Ulikaa kimya.

Chiriku aligeuka. Alinitazama moja kwa moja, amekunja uso, amekasirika kweli kweli, hasira ya mtu na mtu wake.

"Wewe Mama Chiriku, si nakuita? Nguo zinalowa zote, nitaziweza peke yangu?"

"Baba Chiriku!" Bibi alipaza sauti kuelekea mlango wa mbele. "Zima hilo gari, ushushe sanduku." Kisha akanigeukia mimi, machozi yanamtiririka, akasema kwa ukali, "Na wewe itika basi, mtoto analowa."

Tangu nishike pasi mara ya kwanza, sijawahi kuiacha juu ya nguo ya mtu.

"Abee!" nikaitika, nikakimbilia uani, na pasi nikaiacha imelala juu ya shati la Mzee wa Saa.